Purukushani ya Darajani

Pale kituo cha redio walimwita Kamusi, na mwenyewe alishazoea. Kazi yake ilikuwa kupokea habari za Kiingereza kutoka mashirika ya nje na kuzigeuza kuwa Kiswahili kabla msomaji hajaingia studio. Meza yake ilibanwa kati ya kabati la mafaili na dirisha lisilofunga sawasawa. Kila aliyekwama na neno alipita hapo, akaegemea kabati na kuuliza, "Kamusi, hili tunasemaje?" Naye alijibu bila kuinua kichwa.

Bosi wake alikuwa mhariri waliyempa jina la Mkasi, kwa sababu hakuna habari iliyopita mikononi mwake ikatoka na urefu wake.

Wakati huo vita vya mpakani vilikuwa vimefikia mahali ambapo watu wanavisikia huku wakiendelea kutafuna. Kila wiki ilikuja habari fupi, na ndani yake lilikuwamo neno lile lile la Kiingereza: "skirmish." Kamusi alikuwa akiliandika "mapigano madogo." Siku moja Mkasi akamjia na karatasi mkononi, uso ameukunja.

"Mapigano madogo, mapigano madogo! Msikilizaji atadhani tunamsomea taarifa ya wiki jana. Huna neno jingine?"

"Yapo," Kamusi akasema. "Rabsha. Vurumai. Patashika. Purukushani."

Mkasi akacheka. "Purukushani! Hilo lina ladha. Weka hilo."

"Purukushani ni ya kusukumana, Bosi. Hawa wana bunduki."

"Wameandika kuna waliokufa?"

Hawakuwa wameandika. Habari ilisema tu kwamba kwenye daraja la mpakani kumetokea "skirmish," na kwamba jeshi limeidhibiti hali.

"Basi. Purukushani," Mkasi akasema, na kwenda zake.

Msomaji wa zamu alikuwa mzee ambaye watu waliijua sauti yake kuliko walivyozijua sura za wajomba zao. Alilisoma neno lile kwa kile kitabasamu chake ambacho mtu hukisikia hata bila kukiona. Likapendwa. Sokoni watu waliobishania bei wakawa wanataniana kwamba wameanza purukushani ya darajani. Mkasi akafurahi, akaamuru kila habari ya namna ile iandikwe hivyo.

Hazikupita wiki nyingi, mlinzi wa getini akapiga simu ya ndani.

"Kamusi, kuna mama huku anamtaka mtu wa maneno. Nimemwambia humu ndani wote tunakula kwa maneno. Hakucheka."

Mama huyo alikuwa amekaa pembeni kabisa mwa benchi la mapokezi, mkoba mapajani. Vipande vya uzi vilikuwa vimemganda kwenye gauni, na utepe wa kupimia nguo bado ulikuwa shingoni, bila shaka ameusahau.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mtu wa maneno?"

"Ndiyo, mama. Karibu."

"Nimeshakaribia. Nina swali moja tu, halafu nitawaacha mfanye kazi. Purukushani ni nini?"

Kamusi alidhani ni ubishi wa nyumbani, wajukuu wameshindana na bibi yao. "Ni vurugu ndogo, mama. Watu kusukumana, kuvutana mashati."

"Ndivyo ninavyojua na mimi." Mama akatikisa kichwa taratibu. "Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule. Watoto wakigombania mpira, kesho yake wazazi wananiletea mashati: kifungo hakuna, mfuko unaning'inia, kola imetoka. Nikiuliza kulikuwa na nini, wananiambia purukushani. Nashona, wanavaa, wanarudi shule." Akaulainisha mkoba kwa kiganja, ingawa haukuwa na mkunjo. "Mwanangu alikuwa pale darajani. Wameniletea jeneza lililopigiliwa misumari, wakanikataza kulifungua. Sasa niambie, mwanangu. Ni kifungo gani hicho ambacho mimi nisingeweza kukishona?"

Kamusi akakaa kando yake kwenye benchi. "Pole sana, mama," akasema.

"Pole nimepokea nyingi, ahsante. Sikuja kwa pole. Nimekuja kwa sababu mwenyewe hajui."

"Nani hajui?"

"Mwanangu. Hajui kama amekufa."

Mlinzi, aliyekuwa akijifanya anapanga magazeti, aliacha kupanga.

Mama aliendelea kwa sauti ya mtu anayeeleza vipimo vya suruali. Alisema kijana wake anakuja saa saba mchana, wakati wa taarifa ya habari. Toka alipokuwa mdogo hakupenda kuikosa. Anasimama mlangoni mwa chumba cha kushonea, bega ameliegemeza kwenye fremu, anasikiliza mpaka mwisho, halafu hayupo.

"Namwambia, baba, wewe tumekuzika. Anacheka. Anasema, 'Mama nawe! Ile ilikuwa purukushani tu, hukusikia redio? Kama watu wangekufa, wangesema.'"

"Hamkutangaza kifo?" Kamusi akauliza. Hakujua kwa nini anauliza swali kama hilo, kana kwamba jambo lenyewe linaulizika.

"Tulitangaza, hapa hapa kwenu, dirisha lile pale. Lakini matangazo ya vifo tangu utoto wake anayazima. Anasema yanamtoa hamu ya kula. Yeye anaamini taarifa ya habari." Akasimama, akakaza mkoba kwapani. "Sina ugomvi na mtu. Ninachotaka ni kwamba mumwambie. Mkimwambia nyie ataelewa."

Alipoondoka, mlinzi akamsindikiza kwa macho mpaka barabarani. "Kuzika mtoto kunaweza kumtoa mtu akilini," akasema. Kamusi akapanda ngazi. Alirudi mezani kwake, akashusha kamusi kubwa ya Kiingereza iliyokaa juu ya kabati mpaka ikaota vumbi.

Neno lile alikuwa analijua, au alidhani analijua, kama mtu anavyomjua jirani wa kusalimiana naye. Sasa alilisoma kama mtu anayesoma cheti cha hospitali. Yalikuwa mapigano ya muda mfupi, kati ya vikosi vidogo, mara nyingi yasiyopangwa, mbali na jeshi kubwa lenyewe. Askari wa doria wanakutana na askari wa doria, risasi zinalia, wanaachana. Ilielezwa pia kwamba siku hizi neno hilo linatumika hata kwa wanasiasa wanaorushiana maneno, au majirani wanaozozania uzio, lakini hiyo ilikuwa ni kama kuazima koti la mtu. Mwenye koti alikuwa askari.

Ndipo akaona kitu ambacho miaka yote hakukiona. Udogo wa neno lile ulikuwa ni udogo wa vikosi. Hakuna aliyesema majeraha ni madogo. Mwenye Kiingereza chake akilisikia anawaona watu wachache, kichaka, moshi, na wengine hawainuki tena. Waliolisikia kwake yeye Kamusi waliona mashati yaliyong'oka vifungo.

Jumamosi hakuwa na zamu. Alikuwa nyumbani na mama mkwe wake, bibi aliyepungukiwa masikio lakini mwenye macho ya kumwona sisimizi juu ya dari. Mume wa Kamusi alifanya kazi ya kupima barabara mbali na mji na alirudi mwisho wa mwezi, kwa hiyo siku nyingi nyumba ilikuwa ya wanawake hao wawili na redio iliyokaa juu ya friji. Mchana ule bibi alikuwa jikoni anachambua mchele kwenye sinia, Kamusi anakatakata vitunguu. Taarifa ya habari ikaanza.

"Mkwe wangu," bibi akasema, "mbona humkaribishi mgeni?"

"Mgeni gani, mama?"

"Si huyo kijana mlangoni. Amesimama tangu habari zianze. Mwambie aingie, tusije tukaitwa wachoyo."

Kamusi akageuka. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na jua la mchana limelala kwenye saruji. Hapakuwa na mtu. Redioni mzee wa habari alikuwa amefika kwenye mambo ya mpakani, akalitamka neno lile kwa kitabasamu chake. Bibi naye akacheka kidogo, kile kicheko cha adabu cha kumsaidia mgeni kucheka.

"Ana meno mazuri," bibi akasema. "Ila ana tope toka viatuni mpaka magotini. Angoje nimtandikie gunia."

"Tope la wapi, mama? Mvua haijanyesha miezi yote hii."

"Mimi nijuaje? Muulize mwenyewe." Halafu bibi akatazama tena, akarudisha macho kwenye mchele. "Haya, umemkawiza. Ameondoka."

Kamusi aliweka kisu chini, akaenda mpaka kizingitini. Saruji ilikuwa kavu, ya moto chini ya nyayo. Lakini palikuwa na harufu pale, upana wa mtu mmoja: maji ya mto yaliyotuama, na majani yaliyoozea ndani yake. Alirudi nyuma hatua moja, harufu ikakatika. Akasogea tena, ikawapo. Hakuwa amemsimulia bibi habari ya fundi cherehani. Hakuwa amemsimulia mtu yeyote.

Jumatatu aliomba ruhusa ya mchana, akaulizia mpaka akafika. Fundi alikuwa na chumba kimoja cha kazi kilichotazama uchochoro, mlangoni pazia la kitambaa cha sare kilichobaki, cherehani ya kukanyaga ikielekea mlango huo. Sketi za shule zilikuwa zimerundikwa kwenye kiti, mashati yanangoja mikono. Redio ilikuwa kwenye dirisha, imefungwa antena kwa waya.

"Nilijua utakuja," mama akasema, akamwondolea sketi kwenye kiti. "Kaa hapa, usikae pale karibu na mlango. Pale ni pake."

Walikaa wakaongea ya kawaida: joto, macho ya mama yanayosumbua akitia uzi kwenye sindano, shule zinazobadilisha rangi za sare kila mwenye shule akijisikia. Mlio wa taarifa ya habari ulipoanza, mama aliinua mguu kwenye kikanyagio. Cherehani ikanyamaza.

Pazia likavimba.

Hapakuwa na upepo. Lilivimba upande mmoja tu, kwenye usawa wa bega, likabaki hivyo hivyo kama nguo iliyovaliwa. Ile harufu ya mto ikaingia. Kamusi alishika ukingo wa kiti kwa mikono yote miwili, akajiambia kwamba lazima kuna paka, lazima kuna mtoto anacheza uchochoroni. Mama hakutazama pazia. Alitazama juu yake kidogo, pale ambapo uso wa mtu mrefu ungekuwa.

"Habari za huko, baba?" akauliza. Akasikiliza. "Leo tuna mgeni. Ndiye anayeandika unayoyasikia." Akasikiliza tena, akageuka kwa Kamusi. "Anakusalimia. Anasema kazi nzuri, hasa lile neno. Kambini wangecheka sana."

Kamusi aliliinamishia pazia kichwa.

Redio ikaendelea na bei za mazao. Mama akawa anasikiliza huku na huku, na pole pole uso wake ukaanza kubadilika. "Keshokutwa?" akasema. "Mbona mapema hivyo? ... Hapana, baba, hakuna gari litakalokuja kukuchukua. ... Hapana, nisikilize kwanza."

Pazia likalegea, likaning'inia wima. Mama akamgeukia Kamusi.

"Anasema likizo yake imekwisha," akasema. "Keshokutwa anarudi kikosini, pale pale darajani. Mwanangu, akienda kule bila kujua kwamba amekufa, atakaa analinda lile daraja mpaka lini? Nani atakwenda kumwambia zamu imekwisha?"

Kamusi alirudi kituoni kwa miguu, ingawa ni mbali. Alipoingia korido ya studio alimkuta mzee wa habari amekaa peke yake, hedifoni shingoni, karatasi zimemlalia magotini.

"Kamusi," mzee akasema, "lile neno lako liondoe."

"Kwa nini, mzee?"

Mzee alitazama kama kuna mtu karibu. "Nikilisoma kuna mtu anacheka. Nimemwuliza fundi mitambo, anasema kwake hasikii kitu. Lakini mimi nimevaa vitu hivi masikioni tangu hujazaliwa, najua mlio wa mashine na najua mtu. Ni kijana. Anacheka vizuri tu, kama nimemfurahisha. Hilo ndilo linaloniumiza."

Kamusi akakaa kando yake, akamweleza yote: mama, pazia lililovimba, bibi na meno mazuri, na kamusi kubwa ilivyosema. Mzee akazipanga karatasi zake. Mwisho akasema, "Andika. Nitasoma."

Mkasi ndiye aliyekuwa kazi. Kesho yake asubuhi, kabla Kamusi hajamfuata, habari nyingine ikaingia kutoka nje: "skirmish" nyingine kwenye daraja lile lile. Kamusi akaichukua mpaka kwa mhariri, akafunga mlango nyuma yake.

"Bosi, neno hili tumelikosea."

"Tena? Si ndilo ulilonipa mwenyewe?"

"Nililitaja, ukalichagua, nikaliandika. Tumekosea wote. 'Skirmish' si kusukumana. Ni mapigano ya risasi kati ya vikosi vidogo. Watu wanakufa humo ndani. Mwingereza hasemi kifo ni kidogo, anasema waliokutana ni wachache. Sisi tumewatoa watu tukaacha mzaha. Nataka tuandike mapigano, na tusahihishe lile la nyuma hewani."

"Hewani!" Mkasi alishusha sauti. "Unajua nani ananipigia simu mimi hapa? Wameipenda purukushani. Walinipongeza. Nikisimama leo niseme waliuawa watu, kesho hiki kiti anakalia mwingine, na wewe hata benchi la mapokezi hutalikalia."

"Waliuawa, Bosi. Nimekaa na mama wa mmoja wao."

"Sikusema hawakuuawa." Mkasi aliitazama karatasi kwa muda, kalamu mkononi. Alionekana mtu aliyechoka kuliko umri wake. "Nina mkutano nje mchana huu," akasema hatimaye. "Sitakuwapo saa saba. Purukushani iandikwe kama kawaida. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Akavaa koti, akatoka. Mkutano huo haukuwa kwenye ratiba ya mtu yeyote.

Kamusi aliandika habari ile mara kadhaa, akichana na kuanza upya. Neno "masikitiko" aliliandika akalifuta. "Mashujaa" nalo akalifuta. Saa saba mzee akaingia studio, Kamusi akasimama upande wa pili wa kioo kwa fundi mitambo, hedifoni masikioni. Mzee alisoma habari za kwanza kwa sauti yake ya siku zote. Alipofika kwenye mpaka, kitabasamu kikaondoka, na sauti iliyobaki ilikuwa ya mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye msiba.

"Mapigano yametokea tena kwenye daraja la mpakani. Ni mapigano ya risasi, kati ya vikosi vidogo, na watu wanauawa katika mapigano ya namna hiyo. Mapigano yaliyotangulia mahali hapo redio hii iliyaita purukushani. Hayakuwa purukushani. Askari waliokuwapo darajani siku ile waliuawa. Waliletwa makwao, wakazikwa. Hawatakiwi kurudi kazini."

Sentensi ya mwisho fundi mitambo aliishangaa, akamgeukia Kamusi. Kamusi alikuwa amefumba macho. Ndani ya hedifoni, nyuma ya pumzi za mzee, alisikia mtu wa pili akivuta pumzi, kama anataka kuuliza kitu mbele za watu. Hakuuliza. Pumzi ile haikutolewa. Baada yake kilikuja kimya ambacho mashine haiwezi kukitengeneza, mzee akangoja kiishe, halafu akasoma hali ya hewa.

Mambo yalikwenda kama Mkasi alivyosema, ila kwa utaratibu. Simu zililia mchana kutwa. Mkasi alirudi akapiga kelele mbele ya wafanyakazi wote, kelele nyingi kuliko hasira aliyokuwa nayo, na alipopita karibu na Kamusi hakumtazama. Mzee wa habari akapewa mapumziko ambayo hakuyaomba. Akaaga kwa kumshika kila mtu mkono. Kamusi hakufukuzwa. Alihamishiwa ghorofa ya chini, kwenye dirisha la matangazo ya vifo.

Alimngoja fundi cherehani aje. Hakuja. Mwisho Kamusi akamfuata mwenyewe, saa ile ile ya mchana. Alikuta pazia limeondolewa, mlango mtupu. Mama alikuwa amekaa kwenye cherehani bila kushona, redio imezimwa.

"Alisikia?" Kamusi akauliza.

"Alisikia." Mama alizungumza akitazama mikono yake. "Alisimama vile vile mpaka hali ya hewa. Halafu akaniambia, 'Kwa hiyo ni kweli, mama.' Nikamwambia, ndiyo baba, ni kweli. Akajipapasa kifuani, hapa, na shingoni, kama mtu anayetafuta funguo. Akauliza na wenzake je. Nikamwambia na wenzako. Ndipo akaingia ndani, mara ya kwanza tangu tumzike. Akakaa hapo ulipokaa wewe. Alikuwa mzito, kiti kililia. Nikashona mkono wa shati mzima yeye amekaa hapo, hasemi, mimi sisemi. Nilipokata uzi, nikatazama."

"Amepumzika, mama."

"Amepumzika. Ndilo nililotaka." Mama akainua uso, na Kamusi akaona kwamba hakuwa amelala siku nyingi. "Lakini nilikuwa naye, mwanangu, kila mchana. Nilikuwa naliona bega lake. Nilipokuja kwenu kuomba mumwambie, sikujiuliza nitakaa na nani saa ya habari. Nyumba nzima wananiambia alhamdulillahi, sasa utapata usingizi. Usingizi wa nini?"

Kamusi, aliyekula kwa maneno miaka yote, alitafuta Kiswahili akatafuta Kiingereza, hakukuta neno. Akasogeza kiti karibu na cherehani. Akachukua mashati yaliyongoja, akauliza vifungo vinawekwa wapi, na mama akamwonyesha. Alishona vibaya. Mama akakata kazi yake yote, akamwambia aanze upya, apitishe uzi mara mbili. Wakakaa hivyo mpaka saa ya habari ikapita, hakuna aliyewasha redio.

Ikawa desturi. Siku ambazo zamu ilimruhusu alikwenda, na mara nyingine aliongozana na mama mkwe, ambaye alielewana na fundi upesi kwa sababu wote wawili walipenda kubisha. Fundi akaanza kula. Aliwahi hata kucheka, akamcheka Kamusi na vifungo vyake vilivyopinda.

Neno lile halikusomwa tena kwenye taarifa ya habari. Mkasi aliliondoa kimya kimya, na aliyekalia meza ya Kamusi aliambiwa aandike mapigano, basi, bila udogo wala ukubwa. Vita navyo viliendelea, kisha vikaisha, hakuna aliyejua ni siku gani hasa.

Lakini watu walikuwa wamesikia yale masahihisho. Walianza kuja mmoja mmoja kwenye dirisha la vifo, bila tangazo la kuandikisha. Bibi mmoja alikuja kuuliza rabsha ni nini, kwa sababu zamani redio ilisema kulikuwa na rabsha kiwandani, na mumewe hakurudi. Dada mmoja alitaka kujua vurumai inaua watu wangapi ndiyo iache kuitwa vurumai. Kamusi aliwafungulia mlango wa pembeni, akawaweka kwenye kiti, akawasikiliza.

Mchana mmoja walikuja mume na mke, wamevaa kama watu wanaokwenda ibadani. Waliulizia mtu wa maneno. Mume alieleza kwamba binti yao alikwenda kuchukua mtoto wake shule, siku ile ya fujo za mjini ambazo redio iliziita mzozo mdogo, na kwamba wamemzika lakini mpaka leo hajakubali.

Kamusi aliitazama saa ya ukutani, akavuta karatasi. "Huwa anakuja saa ngapi?" akauliza.

Mke alimtazama mumewe. Kisha akasogea pembeni kidogo kwenye benchi, kama mtu anayempa mwenzake nafasi.

"Tumekuja naye," akasema.